Chombo cha kukerezea ulichojitengenezea kwa haispidi kinasumbua? Anza kukagua hapa

Kipande cha chuma cha haispidi, kile kilichogongwa herufi HSS (kifupi cha high-speed steel), kilishatiwa matiko, yaani ugumu wa kupashwa moto na kupozwa, kiwandani kabla hakijafika mikononi mwako. Kazi yako wewe ni kukikata, kukipa umbo kwenye jiwe na kukishikisha mahali imara. Kwa hiyo chombo kikianza kusumbua kwenye mashine ya kukereza mbao, mimi chuma nakituhumu mwisho. Kwanza naangalia kimeshikwaje, halafu kimenolewaje, ndipo nauliza kama kweli ni haispidi. Kuna dalili moja tu inayonifanya nigeuze mpangilio huo, nayo ndiyo naanza nayo.

Makali yanakufa kabla hujamaliza kipande kimoja

Hapa uliza kwanza: hiki chuma ni nini hasa? Jiwe la kunolea litakujibu kwa cheche, lakini usitegemee kumbukumbu. Shika vipande vitatu kwa wakati mmoja: biti ya drili unayoijua kuwa ni haispidi, tupa kuukuu, na hicho chombo chako. Punguza mwanga chumbani. Gusisha biti ya drili kwenye jiwe, upande wenye mifereji, si upande wa shina, kwa sababu shina la biti kubwa mara nyingi ni chuma kingine kilichounganishwa. Utaona cheche chache, za rangi ya chungwa iliyofifia kuelekea nyekundu, zinazokwenda moja kwa moja na kuzimika. Gusisha tupa: cheche ni nyingi, za njano inayokaribia nyeupe, na kila moja inapasuka na kutawanya matawi kama kichaka. Sasa gusisha chombo chako. Ukiona kichaka, umetengeneza patasi ya chuma cha kaboni. Inaweza kukata vizuri, lakini huwezi kuinoa wala kuitumia kwa desturi za haispidi.

Usiamini kipande kwa sababu kimetoka kwenye mashine. Misumeno mingi ya siku hizi ya kukatia chuma ni ya vyuma viwili: ukanda mwembamba wa haispidi penye meno, na mgongo wa chuma cha springi. Visu vya mashine ya randa navyo vipo vya namna hiyo. Vingine ni haispidi mwili mzima, vingine vina kipande cha haispidi kilichobandikwa ukingoni tu. Patasi yangu ya kwanza ya kukatia niliichonga kwenye msumeno wa aina hiyo. Niliyaona meno kuwa ni kero, nikayasaga yote, nikaweka makali upande wa mgongo. Ilikata kama mita moja ya unyoya wa mbao, kisha ikaanza kusugua. Niliinoa mara tano siku hiyo kabla sijaipeleka kwenye jiwe pande zote mbili na kuona cheche za aina mbili kutoka kwenye kipande kimoja. Haispidi yote niliyokuwa nayo nilikuwa nimeigeuza vumbi.

Ukijiridhisha kwamba chuma ni chenyewe na kipo upande wa makali, hamia kwenye unoaji. Shika chombo chini ya taa, makali yakitazama jicho lako, ukizungushe polepole. Makali ya kweli hayaonekani kabisa. Ukiona mstari mwembamba unaong'aa, hata kama ni wa milimita chache tu kwenye pembe moja, hapo pande mbili hazijakutana. Chombo kilichosagwa upya kutoka kwenye biti ya mraba (kijiti cha haispidi cha kusagwa kuwa chombo, si biti ya drili) kina nyama nyingi ya kuondoa, na ni rahisi kuchoka ukaacha wakati bado umebakiza unene wa karatasi. Chombo kama hicho kitakata kidogo kwa sababu ya kiunyuzi cha chuma kilichobaki ukingoni, kile kiunyuzi kikatoka, ukadhani makali yamekufa. Hayakuwahi kuzaliwa.

Lakini kwa kikwangulio, kiunyuzi hicho ndicho kinachokata, na hakikai muda mrefu hata kwenye haispidi bora. Ukirudi kwenye jiwe mara kwa mara kwa mguso mmoja mwepesi, hiyo ni kazi ya kawaida na si ugonjwa wa kutafutia dawa.

Mwisho, tazama mbao. Gome lenye mchanga, shina lililoburutwa ardhini, na miti yenye silika (chembe ngumu kama za mchanga) ndani yake kama msaji, hivi humaliza makali ya chombo chochote. Chukua patasi ya kiwandani ujaribu mahali palepale. Ikifa nayo haraka, kiache chombo chako kwa amani.

Ncha imegeuka bluu wakati wa kunoa

Wasiwasi huu unatoka kwenye chuma cha kaboni, na kule una haki yake. Patasi ya kaboni hutulizwa kiwandani, yaani ikishakuwa ngumu hupashwa moto tena ili isivunjike kama kioo, kwenye joto la nyuzi 200 na kidogo. Rangi ya bluu huja karibu na nyuzi 300, kwa hiyo ukiiona tu, matiko yameshatoka na sehemu hiyo lazima isagwe yote. Haispidi ya kawaida, daraja la M2, hutulizwa kwenye nyuzi kama 550. Ina tungsteni kama asilimia 6, molibdeni 5, kromi 4 na vanadi 2, na mchanganyiko huo ndio unaoifanya ibaki ngumu kwenye joto ambalo lingeua chuma kingine. Frederick Winslow Taylor na Maunsel White walipata njia ya kukitia matiko chuma cha namna hii kule Marekani mwishoni mwa karne ya 19, na kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 watu waliona chuma kikikata chuma kingine huku ncha yake ikiwa imeiva nyekundu. Bluu kidogo kwenye jiwe lako haifiki huko.

Kinachoidhuru haispidi ni maji. Ukiisaga mpaka ikawa ya moto sana halafu ukaizamisha kwenye kopo, ngozi ya nje inajikunja ghafla wakati ndani bado kumetanuka, na nyufa ndogo zisizoonekana zinazaliwa sambamba na makali. Chombo kitang'aa vizuri, kitanoleka vizuri, kisha kitamegeka. Iache ipoe kwenye hewa, au ilaze juu ya kipande kinene cha alumini kinyonye joto. Kama huwezi kuishika kwa sababu ya joto, hiyo ndiyo ishara ya kupumzika. Wapo wanaozamisha kwenye maji kila baada ya mguso mmoja, chuma kikiwa bado vuguvugu, na hiyo haina madhara. Hatari ni kusubiri kichemke kisha kuzamisha.

Hata hivyo, bluu inayotokea kila mara inakwambia jambo kuhusu jiwe, na nitalifikia. Na kama ncha nyembamba ilifika kuwaka wekundu wa makaa gizani, hapo umepita nyuzi 600. Saga nyuma ya sehemu hiyo milimita mbili au tatu.

Nilikipasha moto ili nikipinde au nikifue, sasa hakishiki makali

Umekitoa matiko, na hutayarudisha kwa makaa na ndoo ya oili. Chuma cha kaboni ukikipasha hadi wekundu wa cheri, karibu nyuzi 800, ukakizamisha, kinakuwa kigumu. Haispidi kwenye joto hilo inalainika tu. Ili M2 iwe ngumu inahitaji kupanda hadi karibu nyuzi 1200, ikae hapo kwa muda uliopimwa, ipozwe, kisha itulizwe kwenye nyuzi 550 mara mbili au tatu. Hiyo ni kazi ya tanuri lenye kipimo, na macho hayatoshi kukadiria.

Kwa hiyo kipande kilichokwisha kuiva mwili mzima kiweke kando, kitafaa kuwa shina (fimbo inayobeba ncha na kuingia kwenye mpini) au kabari. Ukihitaji umbo lililopinda la kuchimbia ndani ya chungu cha mbao, lipinde shina la chuma laini na uache ncha tu iwe haispidi.

Kuna ndugu wa tatizo hili: kipande kilichochomelewa kwa umeme kwenye shina kinavunjika, na kinavunjika kando ya mchomeleo, si kwenye mchomeleo wenyewe. Pale pembeni joto lilipanda sana kisha likashuka haraka hewani, na haispidi hujitia ugumu hata kwa hewa tupu. Ukanda huo umekuwa mgumu kama kioo bila kutulizwa. Usijaribu kuongeza mchomeleo juu yake. Kata, na ushikishe kwa skrubu, kwa epoksi, au kwa lehemu ya fedha. Lehemu ya fedha huyeyuka kati ya nyuzi 600 na 700 hivi, kwa hiyo fanya haraka, na bana upande wa makali kwenye jiliwa ili taya zinyonye joto lisifike mbele.

Makali yanamegeka vipandevipande

Pitisha ukucha wa kidole gumba polepole kwenye makali, kwa uangalifu. Pakikwama mahali pamoja, kumbuka pale. Saga milimita moja nyuma, tumia tena. Pakimegeka palepale, kuna ufa wa zamani, labda wa maji, labda wa maisha ya kwanza ya kile chuma kiwandani. Endelea kusaga mpaka uupite. Kama pengo limehamia mahali pengine, chanzo ni pembe.

Pembe nyembamba inapendeza mkononi lakini haispidi haipendi kuwa nyembamba kupita kiasi. Kwa patasi mshazari mimi sishuki chini ya nyuzi 35 kati ya pande mbili. Bobari ya kuchimbia bakuli naipa kati ya 45 na 60. Kikwangulio ni 70 hadi 80. Pima kwa kadi uliyoikata pembe, usikadirie kwa jicho, maana jiwe dogo huchimba mteremko (ule uso uliosagwa kuelekea makali) uliobonyea na pembe ya pale kwenye makali huwa kali kuliko inavyoonekana kwa mbali.

Ukitumia biti za M42, zenye kobalti kama asilimia 8, ongeza nyuzi kadhaa. Ni ngumu zaidi na hazina ustahimilivu wa mapigo kama M2. Kwa kikwangulio ni nzuri mno. Kwa patasi nyembamba ya kukatia nachagua M2.

Chombo kinatetema na mbao inaacha mawimbi

Hii ndiyo dalili inayolaumiwa makali kila siku, na karibu kila siku kosa liko nyuma ya makali. Kumbuka hesabu moja tu. Chuma kilichotokeza mbele ya egemeo (ile sehemu ya mashine unayolazia chombo) hupinda kwa kipimo cha urefu uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Ukisogea kutoka milimita 20 hadi 40, kupinda kunaongezeka mara 8. Unene unafanya kazi kinyume: ukitoka milimita 3 hadi 6, kupinda kunapungua hadi moja ya nane. Hakuna unoaji unaoweza kushindana na namba hizo.

Kwa hiyo zima mashine, sogeza egemeo karibu na mbao, ujaribu tena. Mtetemo ukiisha, umemaliza. Usipoisha, kagua maungio. Sukumia makali kwenye kipande cha mbao kilicholala mezani, mkono mmoja ukipandisha na kushusha mpini, kidole cha mkono mwingine kikiwa juu ya mahali biti inapoingia kwenye shina. Utausikia mchezo kwenye ngozi ya kidole kabla jicho halijauona. Rudia pale shina linapoingia kwenye mpini. Halafu gonga shina kwa kijiti: sauti moja inayolia ni nzuri, sauti mbili zinazofuatana haraka, tak-tak, zinamaanisha kuna kitu kinacheza.

Visu vya randa vya milimita 3 vinahitaji maelezo yake, kwa sababu watu wengi wanaanzia hapo. Ni chuma kizuri sana kwenye mwili mwembamba mno. Peke yake kama kikwangulio, kitalia kama filimbi ukikitokeza kidogo tu. Kiwekee mgongo: chuma laini bapa cha unene wa milimita 8 au 10, kisu kikilala juu yake, makali yakizidi mgongo kwa milimita chache tu. Kama kisu kina nafasi za skrubu za kiwandani, zitumie. Kama hazipo, kikwangue uso wa chini kwa msasa mpaka ung'ae, usafishe mafuta yote kwa spiriti, kisha ubandike kwa epoksi na kubana usiku kucha. Epoksi ya kawaida hulegea kwa joto, na chanzo kikubwa cha joto hapa ni kunoa, kwa hiyo mgongo ukiwa wa moto wa kukuunguza, acha kusaga. Ukikuta kisu kimebanduka, tazama gundi imebaki upande gani. Ikiwa uso wa haispidi ni msafi kabisa, mafuta hayakutoka vizuri. Ikiwa gundi imebaki pande zote mbili, ilipata joto au ilichanganywa vibaya.

Umekagua yote na bado inatetema? Jaribu patasi nene ya kiwandani mahali palepale. Ikitetema nayo, tatizo ni ukuta mwembamba wa mbao au beringi za mashine.

Mbao inakinyakua chombo mkononi

Kwa kikwangulio, tazama mpini. Uwe juu kuliko makali, ncha ikishuka kidogo, ili mbao ikikivuta chombo kiende chini kwenye hewa tupu na sio kuzama ndani zaidi. Ukichimba ndani ya bakuli, weka makali usawa wa kitovu cha mzunguko wa mbao au juu yake kidogo. Kwa nje, usawa wa kitovu au chini kidogo. Halafu tazama upana. Biti ya mraba uliyoisagia mbele tu, pembe zake mbili zikiwa kali, itakunyakua siku pembe moja itakapogusa mbao usiyoilenga. Zungushe hizo pembe. Na zile kingo za chini za chuma, zinazotambaa juu ya egemeo, zipitishe kwenye jiwe mpaka zikose ukali. Zikibaki kali zinachimba vidonda kwenye egemeo, chombo kinakwama kwenye kidonda, mkono unasukuma, kinaruka.

Shina la mviringo lina mtego wake. Makali yakikaa pembeni ya mstari wa katikati wa shina, kila mguso wa mbao unajaribu kulizungusha shina lote mkononi mwako. Saga bapa upande wa chini wa shina, au tumia chuma cha mraba.

Biti inazunguka au inarudi nyuma ndani ya shina

Hesabu tundu. Biti ya mraba ndani ya tundu la mviringo inashikwa na pembe zake, kwa hiyo kipenyo cha tundu ni ulalo wa mraba: upande mara 1.414. Kwa biti ya milimita 6 hiyo ni 8.49, na drili ya 8.5 inakaa kama ilizaliwa nayo. Biti ya 5 inahitaji 7.07, toboa 7 na uguse pembe za biti kidogo kwenye jiwe. Biti ya 8 inataka 11.3, ya 10 inataka 14.1, toboa 11 na 14, uguse pembe vilevile. Wengi huona 8 wakatoboa 12, kisha wanategemea skrubu ifanye kazi ya tundu.

Skrubu ziwe mbili, zenye ncha bapa, zikikandamiza uso bapa wa biti na sio pembe. Haispidi ni ngumu kuliko skrubu, kwa hiyo skrubu haitachimba mahali pa kukaa. Inashikilia kwa mkandamizo tu. Kwa biti ya mviringo sagia bapa dogo pale skrubu inapogusa. Kama biti inarudi nyuma hata hivyo, tundu ni refu kuliko biti: dondosha ndani kipande cha chuma laini kiwe kizibo, biti iegemee hapo.

Kimevunjika

Chukua vipande vyote viwili, uvitazame mahali vilipoachana kabla ya kuvitupa. Kuna ukanda mweusi au wa kutu upande mmoja? Ule ni ufa wa zamani. Umevunjika wote ukiwa wa kijivu, safi, wa chembe ndogo? Hapo ilikuwa nguvu ya mara moja, na swali ni kwa nini nguvu ilikusanyika pale.

Jibu la kawaida ni kona ya ndani. Niliwahi kuchonga msuka (mkia wa kuingia kwenye mpini) kwenye kisu cha randa, nikakata mabega yake kwa diski nyembamba, kona zikawa za nyuzi 90 kamili, nzuri za kutazamwa. Kilivunjika kwenye bega hasa, wakati wa kukatia mguu wa kiti, na kipande cha mbele kilinigonga kwenye kinga ya uso. Bila ile kinga nisingekuwa naandika kuhusu kona. Tangu siku hiyo kila kona ya ndani naizungusha kwa ukingo wa jiwe, mikwaruzo ya diski naifuta yote, na msuka mwembamba wa haispidi siuchongi tena. Haispidi inaingia kwenye shina la chuma laini, na shina ndilo linaloingia kwenye mpini. Chuma laini hupinda kabla ya kuvunjika, na kupinda kunakupa muda wa kuzima mashine.

Matundu ya zamani ya visu vya randa na msumeno ni kona za ndani vilevile. Yasikae kamwe kati ya egemeo na makali.

Na kama kilichovunjika kilikuwa tupa uliyoichonga kuwa kikwangulio, chanzo hakihitaji uchunguzi. Tupa ni chuma cha kaboni kigumu sana kisichotulizwa vya kutosha kuvumilia mapigo ya mbao inayozunguka. Usitengeneze nyingine.

Jiwe halili chuma, au drili haitoboi

Jiwe kwanza. Likiwa na uso uliong'aa kama sahani, chembe zake zimechakaa na haziachii. Linasugua, linachoma, linaleta ile bluu. Lifungue uso kwa kifaa cha kuchongea jiwe chenye almasi au magurudumu ya nyota. Likirudi kung'aa baada ya dakika chache, jiwe ni gumu mno kwa haispidi. Soma karatasi yake: namba ni ukubwa wa chembe, na herufi inayofuata ni ugumu wa jiwe, ukipanda kadiri herufi zinavyosonga mbele. Jiwe jeupe la oksidi ya alumini, chembe 60 au 80, herufi J au K, linanoa haispidi bila kuichoma. Gurudumu la CBN (lenye chembe ngumu sana za nitridi ya boroni) ni bora zaidi, ila lisiguse shina la chuma laini, linaziba. Na alumini isiguse jiwe lolote: inaziba matundu, jiwe linapata joto, na linaweza kupasuka likiwa kwenye mwendo. Kabla ya kufunga jiwe jipya, lining'inize kwa kidole kwenye tundu, uligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi, lisilolia, lisifungwe.

Kama jiwe ni zuri na bado chuma hakiliki, huenda umeokota kabidi, nyenzo ngumu kuliko haispidi. Ni nzito mkononi kuliko chuma cha ukubwa uleule, na inahitaji jiwe la kijani au almasi.

Kuhusu kutoboa: haispidi iliyotiwa matiko haitoboki kwa drili ya haispidi. Ulipoteza biti moja, usipoteze ya pili. Toboa shina. Kukata nako ni kwa grenda ya mkono yenye diski ya milimita 1. Chora mfereji pande zote, kina chake kwa jumla kifike nusu ya unene, funga kwenye jiliwa, funika kwa kitambaa, vaa kinga, uvunje kwa pigo moja la nyundo.

Kinasugua badala ya kukata, ingawa kinanyoa nywele

Paka mteremko wote kwa kalamu ya wino mzito. Kata mbao kwa sekunde mbili tu, uutazame. Wino ukifutika kwenye kisigino cha mteremko (ukingo wake wa nyuma) na kubaki karibu na makali, kisigino ndicho kinachogusa mbao, makali hayafiki. Ama pembe yako ya kunoa ilihama ukiwa unasaga, na mteremko umekuwa na nyuso mbili tatu, ama ni kikwangulio ulichosahau kukisagia nafasi chini ya makali. Saga kisigino, paka tena, jaribu tena. Wino ukifutika kwanza pale kwenye makali yenyewe, acha kusaga hapohapo.

Mpini unapasuka au shina linatoka

Tundu la mpini liwe refu. Mimi nazamisha shina angalau milimita 75 kwa chombo cha kati, na zaidi kwa kikwangulio kizito. Mdomo wa mpini ufungwe pete kabla ya kutoboa, na bomba la shaba lililokatwa linatosha kabisa. Ufa ukiwa umeanzia mdomoni, pete ililegea au mbao ilikuwa mbichi ikanywea ndani yake. Ufa ukiwa katikati, tundu halikufuata mhimili. Shina likichomoka bila ufa wowote, likwaruze kwa grenda lipate meno, safisha, rudishia kwa epoksi, na uache mpaka kesho kabla ya kuligusisha kwenye mbao inayozunguka.